Mwaka wa Chumba Chekundu

Sifa alishuka kwenye ndege akiwa na mkoba mmoja mdogo, akanikumbatia katikati ya uwanja huku watu wakitupita na mizigo yao, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama chumba bado kipo. Alikuwa ametoka Lubumbashi kwa ajili ya kilio cha Papa Sumaili, mpiga picha, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipiga picha za watu wa Kindu hata sidhani kuna nyumba ya zamani katika mji huu isiyo na sura iliyopita mikononi mwake. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na minane. Nilimwambia chumba kipo, ila sasa mbele wanauza simu na nyuma wamejaza makatoni. Tulikwenda moja kwa moja, kabla hata ya kwenda kuketi mkekani na wafiwa. Mwenye duka alituruhusu kuingia. Sifa alisimama kati ya makatoni, akafumba macho, akapiga vidole mara nne, akasikiliza. Ukuta ulirudisha mlio mfupi na mkavu, usio na mwangwi. "Bado iko inakula sauti," alisema. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, wanawake wawili wazima wenye magoti yanayouma, tumesimama gizani kunusa dawa za picha ambazo hazipo tena.

Siku hizi vijana wanaotujua wanapenda kutuita mashujaa. Mimi hulikwepa neno hilo, kwa sababu shujaa ni mtu aliyejua anakwenda wapi, nasi hatukujua. Mwaka ninaousimulia ulikuwa mmoja wa ile ya mwisho ya Zaire ya Chama kimoja, lakini hakuna aliyetuambia kwamba ni ya mwisho. Tulidhani dunia itabaki vile mpaka tuzeeke. Kindu ilikuwa imefanywa punde mji mkuu wa jimbo, na wakubwa walikuwa wakishuka kutoka Kinshasa na Bukavu kutafuta nyumba zenye bati zima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Sifa ishirini. Mimi nilikaa upande huu wa Lualaba, karibu na reli. Yeye alikaa ng'ambo, Alunguli. Tulikutana kwenye animasio, zile nyimbo na ngoma za kumsifu Rais ambazo kila mtaa, kila ofisi na kila shule ililazimika kuzicheza. Siku hiyo waliunganisha vikundi vya pande zote mbili za mto kwa ajili ya gwaride, na Sifa ndiye aliyekuwa akitoa mwito mbele ya mstari. Sauti yake ilivuka mto bila mtumbwi. Mimi sikuwa na sauti kubwa, lakini nilikuwa na pumzi: miaka ya chuo cha Kurani kwa mwalimu na kasida za maulidi zilinifundisha kwenda na maneno mbali kabla ya kumeza mate. Baada ya gwaride alinifuata, akaniuliza ninaificha wapi hewa yote ile.

Kaseti iliyotuharibu, kama alivyosema baadaye mama mmoja wa jirani, ililetwa na kaka yake Sifa aliyefanya kazi kwenye treni ya kwenda kusini. Aliinunua Lubumbashi bila kujua ni nini. Ndani yake kulikuwa na wanaume wawili wanaozungumza haraka juu ya ngoma, hawaimbi, wanapokezana maneno kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Hatukuelewa hata neno. Tuliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulegea na wale wanaume wakawa wanazungumza kama walevi. Nilikuwa bado natafuta jina la kitu kile, Sifa alipotikisa kichwa na kusema, na njo kwetu ni ndiyo, "Hii njo animasio, lakini hakuna mukubwa ndani yake." Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya rapu, na nimesoma mengi tangu siku ile. Kabla ya juma kuisha tulikuwa tumejiita Ng'ambo Mbili na tulikuwa na shairi moja la Kiswahili, baya sana, kuhusu mvua.

Tulitaka kutengeneza albamu. Tulilitumia neno hilo kwa uzito, ingawa hatukuwa tumeona mikro ya kusemea isipokuwa ile ya padri na ile ya Chama. Tulipokwenda kwa Papa Sumaili kumuuliza kama anajua mahali penye studio, alitoka nje, akatuonyesha kibao juu ya mlango wake kilichoandikwa Studio kwa rangi ya bluu, akasema katika Kindu iko studio moja tu, na njo hii. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu chache na koti lililochanika mfukoni, mpenda mashine kuliko watu. Alikuwa na radio ya kaseti mbili aliyoletewa na mfanyabiashara mmoja, na mikro aliyoitengeneza upya mwenyewe, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta sababu ya kuvitumia. Akatupeleka nyuma, kwenye chumba chake cha kusafishia picha.

Naweza kukichora chumba kile nikiwa nimelala. Hakikuwa na dirisha. Kuta zote zilifunikwa mablanketi ya zamani ili mwanga usipenye, na mablanketi yale ndiyo yaliyokula sauti. Kulikuwa na meza yenye sinia tatu za dawa iliyonuka kama siki, ndoo ya maji, na balbu moja nyekundu. Kutoka ukuta hadi ukuta zilipita kamba, na kwenye kamba zilining'inia sura za watu zikikauka, zimeshikwa na vibanio vya nguo: picha za kadi za Chama, kwa maana bila kadi hukupanda treni wala hukuingia sokoni bila kusumbuliwa. Tulitunga na kurekodi albamu yetu yote mbele ya sura zile. Kila tulipokosea, kulikuwa na mzee fulani kutoka Tunda kwenye kamba ya pili aliyetutazama kwa huruma, mpaka mwenyewe akaja kumchukua.

Hatukuwa na ngoma za mashine. Kaka yake Sifa alipiga bidoni tupu la mafuta, mapigo manne, Papa Sumaili akayanasa kwenye kaseti ya kwanza. Kisha tukafanya hivi: unabonyeza kaseti ya pili inase, mapigo manne yanapita, unaisimamisha, unarudisha ya kwanza nyuma kwa kidole, unaiachia tena, na papo hapo unaiachia ya pili. Mapigo manne mengine. Hivyo hivyo mpaka dakika tatu zijae. Ukichelewa kidogo tu, ngoma inachechemea, unaanza upya. Ngoma ya wimbo mmoja ilituchukua alasiri nzima, na vidole vyetu viliota sugu mahali ambapo vya wenzetu viliota kwa jembe. Papa Sumaili alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote. Alisema ni sawa na kuhesabu sekunde za picha ndani ya dawa: macho hayasaidii, unahesabu kwa damu.

Kuranti, umeme wa mji, ilikuja ilipotaka. Tuliyemtegemea alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka lililopakana na studio na grupu ya kuzalisha umeme iliyonguruma mchana kutwa. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mkali, asiyecheza na wakati. Alitupa waya kupitia tundu la ukuta, kisha baada ya siku tatu akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akasikiliza. "Binti zangu," alisema, "hii kintu munafanya si wimbo. Hii iko magomvi ya soko." Lakini waya hakuuchomoa. Na Papa Sumaili alipomweleza kwamba mngurumo wa grupu unaingia kwenye mikro, alirudi dukani kwake. Kesho yake tuliikuta imezungushiwa ukuta wa magunia ya mchele, na sauti yake imekuwa kama ya mtu anayekoroma nyumba ya tatu.

Siku yetu kubwa ilikuwa Ijumaa, Papa Sumaili alipofunga mlango na kwenda msikitini, tukabaki na chumba peke yetu. Mkewe, Mama Zena, alituletea chakula kabla ya wao kula: wali wa mpunga mpya, sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese hadi ikang'aa, na samaki wa kukaushwa waliotoka Lokandu. Tulikula chini, migongo ukutani, chini ya taa ile iliyofanya sombe ionekane nyeusi na samaki aonekane kama mkate, tukawa tunautambua mwiba kwa ulimi. Sifa alikula huku anatunga. Alikuwa na tabia ya kugonga mapigo kwa kijiko pembeni mwa sahani, na Mama Zena akawa anatupa sahani za bati makusudi, kwa kuwa za udongo zilikuwa zinapasuka. Nimekula katika hoteli za miji mitatu tangu siku zile, na hakuna meza iliyonipa utajiri kama ule wa sakafu.

Wimbo uliotujulisha haukutoka vichwani mwetu. Ulitoka nyuma ya pazia. Siku za kadi, karani wa Chama alikaa chumba cha mbele na daftari lake, watu wakajipanga kwenye benchi wakingoja kupigwa picha, na sisi tuliokuwa nyuma tulisikia kila neno. Lazima nieleze kwa wasiokuwapo: serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Kila Mkristo alitakiwa awe na jina la mababu kwenye karatasi, na lile la kanisani abaki nalo nyumbani kama sufuria lililotoboka. Sisi wa upande wa Waislamu tuliponyoka kidogo, kwa sababu makarani wengi walidhani Ramazani na Mwamini ni majina ya mababu, na hakuna aliyewasahihisha. Basi siku ile mwanamume mmoja aliketi mbele ya kamera, karani akamuuliza jina, naye akataja jina refu la ukoo wake, polepole, kama mtu anayesoma somo. Kutoka kwenye benchi mkewe akasema bila kufikiri, "Petro, funga kifungo." Tulisikia kalamu ya karani imesimama. Kisha karani akakohoa, akasema, "Funga kifungo, sitoyeni," kama raia wote walivyoitwa wakati ule, na kalamu ikaendelea.

Kule nyuma Sifa alikuwa ameninyang'anya penseli. Hatukutoka mpaka jua lilipokaribia kuzama, na tulipotoka tulikuwa na "Jina la Nyumbani". Beti zilikuwa zangu kwa sehemu kubwa, za pumzi ndefu: karani ameshika kalamu, mimi nimeshika pumzi, kwenye karatasi niko raia, kwenye mustari niko namba, kwenye mulango wa mama niko nani? Na kiitikio kilikuwa cha Sifa, maneno matatu tu, niite, niite, niite, kisha mapigo manne matupu ya bidoni, hakuna sauti. Nilimwambia tujaze mahali pale. Akakataa. Alisema anayesikiliza njo atajaza. Papa Sumaili alipoingia kusafisha picha tulimsikilizisha. Alisikiliza ameinamia sinia zake, na mapigo manne yale yalipopita, midomo yake ilitikisika. Hakutuambia alisema nini, nasi hatukuuliza.

Albamu ilikuwa na nyimbo nane, na tuliiita Chumba Chekundu. Iliisha mwanzoni mwa kiangazi, mto ulipopungua hata mawe yakaonekana. Kila nakala ilinaswa mojamoja, kwa urefu wake wote, hivyo kila kaseti iliyotoka pale Papa Sumaili alikuwa ameisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alianza kuzighani beti zangu alipokuwa anapiga watu picha, akawachanganya. Kaka yake Sifa alizibeba kwenye treni, akaziacha kila stesheni mpaka Kibombo na mbele yake. Dereva wa lori la Mama Kavira alikwenda na nyingine Lubutu. Wenye mitumbwi walizichukua kushuka na mto. Hatukuandika majina yetu juu yake, si kwa ujasiri wala kwa woga, ila kwa sababu Papa Sumaili alisema jina la kikundi linatosha na lisilotosha litaulizwa.

Sikujua imefika wapi mpaka siku moja kwenye foleni ya maji. Wanawake wawili mbele yangu walikuwa wakibishana juu ya wasichana wa ile kaseti. Mmoja alisema wanatoka Bukavu. Mwingine akasema hapana, wanatoka Kisangani, amewaona kwa macho yake, mmoja ni mrefu kama mnazi. Wa kwanza akasema vyovyote, lakini si watu wa Kindu, Kindu haiwezi kuzaa kitu kama kile. Nilisimama na ndoo yangu, mfupi wa mita moja na nusu, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena hata siku ya ndoa yangu. Kisha yule wa pili akaweka ndoo chini ya bomba, maji yakaanza kupiga bati, naye akasema taratibu, niite, niite, niite. Halafu, kwa mapigo ya maji, "Yozefina." Mwenzake akacheka, akasema, kumbe wewe ni Yozefina.

Mkubwa wa vijana wa Chama, sitoyeni Kabundi, alituita ofisini kwake wakati huo huo. Alikuwa kijana bado, suti ya abakosti, ile isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri, picha ya Rais juu ya kichwa chake na kaseti yetu juu ya meza. Alitupa limonadi. Alisema ameisikiliza mara nyingi, na kwamba gavana atakuja kwenye sikukuu ya Chama na mji mpya wa jimbo hauna kitu kipya cha kumwonyesha. Tutaimba uwanjani, kwa vipaza sauti vikubwa. Kitu kimoja tu: mahali pale patupu, baada ya niite, tuweke jina la Baba wa Taifa. Alisema kwa upole, kama fundi anayependekeza kifungo. Hakututisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Tuligombana kwenye bandari ya mitumbwi, mbele ya watu waliokuwa wakishusha ndizi. Sifa alitaka tukubali. Alisema hatutapata tena mikro kama ile, mji mzima ukisikiliza, na jina moja la uongo ndani ya nyimbo nane halitamuua mtu. Nilimuuliza basi tulijifungia kwenye chumba kile mwaka mzima kwa nini, kama mwisho wake ni animasio ile ile. Akaniambia mimi naogopa watu, nimezoea kusema nyuma ya pazia. Ilikuwa kweli, kwa hiyo sikumsamehe. Alipanda mtumbwi, mimi nikapanda kilima, na kwa majuma mawili hakuna aliyevuka mto.

Papa Sumaili hakuwa mtu wa kupatanisha watu. Hakuwa na subira hiyo. Lakini alikuwa amekasirika kwa sababu kaseti zilikuwa zikienda bila picha juu yake, na kwake kaseti isiyo na sura ilikuwa uvumi tu. Aliniita Jumanne, akamwita Sifa Jumanne ile ile, kila mmoja bila kumwambia habari za mwenzake. Nilipofungua mlango nilimkuta Sifa amekaa kwenye benchi la picha, amevaa kitambaa cha mamaye cha sikukuu. Nikakaa upande wa pili. Papa Sumaili aliinama nyuma ya kamera, akatazama, akainuka. "Sogeeni," alisema. "Hapa naona Lualaba nzima imepita katikati yenu." Tulisogea kidogo. Akasema bado anaona mitumbwi. Tulisogea tena, mpaka bega likagusa bega, na hapo nikahisi Sifa anatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Picha ile ninayo. Mimi nimekunja uso, yeye meno yote yako nje.

Tulikubaliana hivi: tutakwenda, yeye atasema maneno ya Kabundi kwenye kiitikio, mimi nitanyamaza. Haikuwa heshima kubwa, lakini ilikuwa njia ya kubaki wawili. Siku ya sikukuu jua lilikuwa limeshapanda, uwanja umejaa kuliko nilivyowahi kuuona, kwa maana asiyekuja aliandikwa daftarini. Vikundi vya animasio vilipita kimoja baada ya kingine na watu wakapiga makofi ya mpangilio. Gavana na wageni walikaa kwenye jukwaa lenye turubai, wake zao nyuma yao. Tulipanda na bidoni na kaseti ya ngoma. Kaka yake Sifa alibonyeza. Mapigo manne. Niliingia, na pumzi ilikuwepo. Karani ameshika kalamu. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye vipaza sauti, ikipiga ukuta wa mbali na kunirudia, na uwanja ukatulia, si kwa nidhamu bali kwa namna mtu anavyotulia anapoitwa na mtu anayemjua.

Sifa akaanza kiitikio. Niite, niite, niite. Akavuta pumzi ili aseme yale tuliyoagizwa, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Hakupata nafasi. Katika mapigo manne yale uwanja wote ulisema. Haukuwa mlio mmoja. Kila mtu alisema lake. Petro, Mariya, Yozefina, Anselme, Felisita, Tomasi, majina elfu kwa pamoja, mpaka hakuna hata moja lililosikika na yote yakasikika. Wazee wa reli, wauguzi waliovaa sare, walimu, hata wanawake wa animasio waliokuwa bado wameshika vitenge vyenye picha ya Rais. Kaseti ilikuwa imewafikia kabla yetu. Walikuwa wamefanya mazoezi nyumbani kwao, kila mmoja peke yake, na hakuna aliyejua kwamba jirani yake anafanya hivyo hivyo.

Sifa alinitazama. Kisha akaigeuza mikro kuelekea kwao. Nilighani ubeti wa pili na wa tatu kama mtu anayebebwa, na kila kiitikio kilipofika majina yaliongezeka. Mara ya mwisho yalitoka hata kwenye jukwaa la wageni: mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, nyuma ya viti vya wakubwa, alisimama na kusema "Albertina" kwa sauti kamili, na mumewe akageuka kumtazama kama aliyetambulishwa kwake siku ile. Wimbo ulipoisha gavana aliwatazama watu wake, akautazama uwanja, naye akapiga makofi, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Huwezi kuandika majina ya mji mzima kwenye daftari la waliokosa, hasa mji ukiwa umekwisha kujitaja wenyewe. Mama Kavira alikuwa kwenye mstari wa wafanyabiashara, anapepea uso kwa kitabu chake cha nyimbo za kanisa, na tulipopita aliniambia bila kunitazama kwamba grupu iko pale tukiitaka hata kesho.

Kabundi alituita tena baada ya siku mbili. Tulikwenda tumevaa nguo mbili mbili, kama wanavyofanya watu wanaodhani watalala mahali pengine. Aliweka karatasi mezani, akauliza aandike nini katika ripoti yake. Sifa alimwambia aandike kwamba mikro iliharibika. Aliandika. Kisha akafunga kalamu, akasema, akiwa ametazama mlango na si sisi, kwamba mama yake alimwita Bonaventura, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa hajamsikia mtu akilisema. Sifa ndiye aliyesimama wa kwanza. Akamnyooshea mkono. "Kwaheri, Bonaventura," alisema. Mtu yule akaushika mkono ule kwa mikono miwili. Hakutusumbua tena, na nilipoulizwa miaka ya baadaye, mambo yalipogeuka, kama alikuwa mtu mbaya, nilijibu kwa haki kwamba sisi alituacha.

Miezi ya mwisho ya mwaka ule tulikuwa na wageni wengi kuliko nyimbo. Walikuja watu kutoka vijiji vya mtoni kuuliza kama ni kweli, wakakuta wasichana wawili wanatwanga, wakaondoka na mashaka. Siku moja nilimsindikiza Sifa bandarini. Mtumbwi mkubwa kutoka Lokandu ulikuwa umefika, na mwanamke mmoja mnene, mwenye kapu la samaki kichwani, alikuwa akishuka kwenye ubao huku anaimba "Jina la Nyumbani". Aliimba kweli, alikuwa ameupa wimbo wetu lahani ambayo hatukuipa sisi, ameongeza ubeti mzima juu ya mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina. Sifa hakuweza kujizuia. Akamwitikia kwa kiitikio chake, namna yetu, ile ya chumbani, mapigo manne yakiwa matupu.

Mwanamke yule alisimama, akatua kapu, akamtazama kwa uvumilivu wa mtu anayemfundisha mgeni. "Hapana, dada," alisema. "Hivyo njo munaharibu. Sikiliza mimi." Akamshika Sifa mkono, akauimba toka mwanzo, na penye mapigo manne akasema jina la yule mtoto, jina alilompa mwenyewe alipousikia wimbo huu. Nilisubiri Sifa amwambie sisi ni nani. Sifa, ambaye hajawahi kunyamaza mbele ya mtu, alisema tu, "Rudia, mama, nishike vizuri." Akarudia. Tuliimba watatu pale kwenye ubao, watu wa ndizi wakitupita, mpaka yule mama akaridhika kwamba tumeujua.